Kiima si Mtenda Daima: Kitenzi na Majukumu ya Nomino

Mtahiniwa anapoulizwa dhima ya nomino katika sentensi, mara nyingi huangalia nafasi tu. Nomino ya mwanzo ni kiima, basi ni mtenda. Inayofuata kitenzi ni shamirisho, basi ni mtendwa. Kanuni hii hufaa katika sentensi sahili, lakini humwangusha mwanafunzi anapofika kwenye mnyambuliko wa vitenzi. Humwangusha zaidi katika karatasi ya fasihi, anapotakiwa kueleza nani alimtendea nani katika dondoo.

Kiima na shamirisho ni vyeo vya kisarufi. Mtenda, mtendwa, mtendewa na ala ni majukumu ya kimaana, na anayeyagawa ni kitenzi. Mwanaisimu Charles Fillmore alilishughulikia suala hili mwaka wa 1968. Mwaka wa 1981 Noam Chomsky alishikilia kwamba kila kijalizo hupewa jukumu moja tu, na kila jukumu huenda kwa kijalizo kimoja. Tutazame mifano:

(a) Mvuvi amekata kamba.
(b) Kisu kimekata kamba.
(c) Kamba imekatwa.
(d) Kamba imekatika.

Sentensi zote zina kiima, lakini ni ya kwanza pekee ambayo kiima chake ni mtenda. Katika (b) kiima ni ala. Katika (c) na (d) ni mtendwa. Aidha, (c) na (d) hazilingani. Twaweza kusema 'Kamba imekatwa na mvuvi', lakini hatusemi 'Kamba imekatika na mvuvi'. Kauli ya kutendwa humficha mtenda huku ikimkubali kuwa yupo. Kauli ya kutendeka humwondoa kabisa.

Mnyambuliko pia huongeza majukumu. Wanafunzi wa hapa Mwabungo, wanaoyajua maisha ya ufuoni, huelewa haraka kwa mfano huu:

(e) Mvuvi alivua tafi kwa wavu.
(f) Mvuvi alimvulia mjane tafi kwa wavu.

Kiambishi cha kutendea katika (f) kimemleta mjane, ambaye ni shamirisho kitondo (yambwa tendewa). Tafi ni shamirisho kipozi (yambwa tendwa), na wavu ni ala. Angalia kwamba kiambishi -m- kimemchukua kitondo, si kipozi. Vilevile, (f) ikigeuzwa tutapata 'Mjane alivuliwa tafi na mvuvi', wala hatusemi 'Tafi walivuliwa mjane'. Si lugha zote za Kibantu zilizo hivi. Mwaka wa 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walionyesha kuwa katika Kichaga shamirisho zote mbili zaweza kuwa kiima cha kauli ya namna hii.

Hapa pana mtego. 'Tafi walivuliwa' na 'Mjane alivuliwa tafi' zina umbo moja la kitenzi, kwani vitenzi kama vua, nunua na chukua hufikia -liwa katika kutendwa na pia katika kutendewa. Wa kwanza ni mtendwa, wa pili ni mtendewa. Mtego mwingine ni neno 'na'. Katika 'Mama alifiwa na mtoto', mtoto hakutenda lolote. Ndiye aliyekutwa na kifo, naye mama ndiye aliyeathirika.

Yote haya yanahusu nini na uhakiki? Mwandishi huchagua kauli, na kauli huamua nani aonekane. Tuchukue suala la ardhi, ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi katika pwani hii ya kusini:

(g) Tajiri alichukua mashamba ya wanakijiji.
(h) Mashamba yalichukuliwa.
(i) Wanakijiji walichukuliwa mashamba yao.
(j) Mashamba yalipotea.

Tukio ni moja. Katika (g) mkosaji yuko mbele ya macho yetu. Katika (h) amefichwa, na walioathirika wamefutwa pamoja naye. Katika (i) mtenda hatajwi, lakini wanakijiji wamepewa nafasi ya kiima, nasi tunalazimika kuwatazama. Katika (j) ni kana kwamba mashamba yalijiondokea yenyewe. Afisa katika riwaya akizungumza kwa (j) na mwanakijiji akajibu kwa (i), mgogoro mzima umekwisha elezwa kwa sarufi. Mtahiniwa anayeliona hilo hataishia kuandika kwamba 'mwandishi ametumia lugha nyepesi'. Atakuwa na ushahidi wa hoja yake kuhusu maudhui na msimamo wa wahusika.

Mwalimu anapofundisha dondoo, na awazoeze wanafunzi maswali matatu: Kitenzi hiki kinadai majukumu mangapi? Kila jukumu limepewa nani? Ni jukumu gani limeachwa bila mwenyewe, na kunyamaza huko kunamfaidi nani? Maswali mawili ya kwanza yatampa mtahiniwa alama za sarufi. La tatu litamfundisha kusoma.