Gari la Huduma Lisimuumize Mgonjwa



Land Cruiser yetu ya huduma hulala Soweto, Moshi mjini, na kila wiki hupanda Kibosho na Uru. Lami ikiisha huanza mawe, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, matope na makorongo. Wagonjwa walilalamika kwamba wakifika wanaumwa mgongo kuliko walipoondoka. Tulidhani springi za nyuma zimechoka, tukaongeza chuma kimoja kila upande. Gari likazidi kurusha watu. Tulikosea, na tunaeleza sababu ili michango yenu isipotee tena.

Nyingi kati ya Land Cruiser za aina ya 70, zilizoanza kuundwa mwaka 1984, zina springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Zimekusudiwa mzigo mzito. Gari likibeba watu wanne tu, hazikunjiki vya kutosha, na kila jiwe linasikika kitini. Kuongeza chuma ni kuongeza ugumu.

Kwa hiyo tulianza upya, tukitanguliza yasiyo na gharama:

1. Upepo. Pimeni asubuhi, tairi zikiwa baridi, mkifuata kiwango cha mtengenezaji. Zetu zilikuwa zimejazwa kupita kiasi. Lakini msishuke chini ya kiwango hicho: tairi yenye upepo mdogo ikibeba mzigo kwenye lami hupata joto na huweza kupasuka.

2. Nafasi. Viti vilivyo juu ya magurudumu ya nyuma hurushwa zaidi. Mgonjwa anayeweza kukaa akae mbele.

3. Springi na bushi. Tuliondoa vyuma tulivyoongeza. Fundi alisafisha kutu inayozuia vyuma kuteleza, akabadilisha bushi zilizolika.

4. Shokapu. Hazibebi mzigo, kazi yake ni kutuliza springi. Ikivuja mafuta, au gari likiendelea kunesanesa baada ya tuta, badilisheni zote mbili, ya kushoto na ya kulia.

Gari halijawa la kifahari, na dereva bado anapaswa kwenda polepole. Hata hivyo, wagonjwa wanashuka bila kushikiliwa kiuno. Tunaziomba kamati za parokia zenye magari ziwe na kipima upepo, na zimwite fundi akague kabla ya kuomba fedha za springi mpya.