Windows Imechuja, au Umeisusa Mwenyewe?

Hivi umeshawahi kuona wapenzi wakinuniana kisa kompyuta? Chukulia mama mwenye steshenari pale Maganzo, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Anachapa barua za kazi, anatoa kopi, maisha yanakwenda. Mara mume anarudi na maneno ya kijiweni: “Mke wangu, hiyo Windows imepitwa na wakati. Toa hela ya Vicoba tununue laptopu mpya.” Mama kanuna. Hela ile ni ada ya watoto!

Nani mkweli? Wote, nusu kwa nusu.

Tuanze na umri. Msingi wa Windows ya leo, unaoitwa NT, ulitoka mwaka 1993. Mzee, eti? Lakini Linux inayosifiwa na wajanja ilianza 1991, ikifuata nyayo za Unix ya mwaka 1969. Kwa hiyo uzee si hoja. Hoja ni matunzo.

Hapo mume anapata pointi. Microsoft waliacha kuihudumia XP Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020 na Windows 10 Oktoba 14, 2025, ingawa waliojiandikisha waliongezewa muda. Kompyuta itawaka kama kawaida, ila tundu jipya likigunduliwa, hakuna wa kuliziba. Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote na kudai pesa ndipo yafunguliwe. Dawa ilikuwepo tangu Machi. Wengi walioumia hawakuwa wameiweka. Sasa fikiria flashi za wateja zinazochomekwa pale steshenari kutwa nzima!

Kabla hamjavunja kibubu, kaeni chini mkague mashine. Windows 11 inataka walau RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, prosesa inayokubalika na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Vyote vikiwepo, kuhamia kutoka Windows 10 halali ni bure. Visipokuwepo, jaribuni Linux: nayo bure, na LibreOffice ya kuchapia ipo. Ila hakikisheni kwanza printa inaielewa, na kazi zote mziwekee nakala pembeni.

Baba, maneno ya kijiweni yasikupeleke dukani. Mama, usinune tu; kama mashine haijaguswa miaka, mwenzio kakuonya kwa mapenzi. Kagueni pamoja, na ada ya watoto ibaki ada.