Treni Inakwenda Wapi? Kuchora Upya Reli ya Mfano ya Nyumbani kwa Kufuata Njia ya Tenke–Kolwezi–Dilolo

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa mchezo wa watoto, yaani namna ya kuchora upya ramani ya reli ya mfano iliyojengwa juu ya meza nyumbani. Tumeona jambo hilo lastahili nafasi katika jarida la Kiswahili kwa kuwa mchoraji wa ramani ya aina hii hulazimika kukipa kila kipande jina, na pia hulazimika kuamua mzigo unatoka wapi na unakwenda wapi. Kwa mkazi wa Manika, swali hilo la pili si la mezani tu.

Reli yetu ya kwanza ilikuwa duara refu lililotandazwa juu ya ubao wa mita 2.4 kwa mita 1.2. Ndiyo ramani ambayo karibu kila anayeanza hupewa, nayo ina sifa zake: ni rahisi kuunganishwa, na treni hukimbia bila kusimama. Siku moja mzee jirani, aliyefanya kazi ya reli kwa miaka mingi, aliitazama ikizunguka mara tatu au nne, kisha akauliza: "Mwalimu, hii treni inatoka wapi, na inaenda wapi?" Nikamjibu: "Inazunguka tu, Papa." Akasema: "Basi haina kazi." Kauli hiyo ndiyo iliyotufanya tung'oe reli yote na kuanza upya.

Ili kuipatia treni kazi hatukuhitaji kwenda mbali. Reli iliyotoka kusini ilifika Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Elisabethville, mwaka 1910, ikaendelea hadi Bukama mwaka 1918. Tenke ilikuwa katika njia hiyo. Ikawa makutano mwaka 1931, pale njia ya magharibi ilipokamilika kupitia Kolwezi, Mutshatsha, Kasaji na Dilolo, ikaungana na reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito. Tangu hapo shaba ya Katanga ilikuwa na milango mitatu. Wa kwanza ni wa kusini, kupitia Sakania. Wa pili ni wa kaskazini: kwa reli hadi Ilebo, iliyofikiwa mwaka 1928, kisha kwa meli katika mito ya Kasai na Kongo, kisha tena kwa reli kutoka Kinshasa hadi Matadi. Wa tatu ni huo wa Lobito, ambao kwa Kolwezi ulikuwa mfupi kuliko yote. Msomaji aweza kudhani kuwa mlango mfupi ndio uliopendelewa. Lakini serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliutukuza ule wa kaskazini, ikauita njia ya taifa, kwa sababu ulibaki ndani ya koloni lake mwanzo hadi mwisho, ingawa mzigo ulilazimika kuhamishwa mara mbili njiani. Ramani ya reli, kumbe, haichorwi kwa rula peke yake.

Mwaka 1975 vita vya Angola viliufunga mlango wa magharibi kwa mzigo wetu. Reli ya Angola ilijengwa upya hadi mpakani, ikazinduliwa rasmi mwaka 2015, na mwaka 2018 madini ya Kongo yakaanza tena kufika Lobito kwa treni. Sisi basi tulichagua mlango huo: Tenke ncha moja, Lobito ncha nyingine, na Kolwezi katikati ikiwa na mgodi wake.

Hapo hesabu zikaanza kutubana. Katika kipimo cha 1:87, ambacho ndicho kilichoenea zaidi duniani kwa reli za mezani, njia ya Tenke hadi Dilolo, yenye takriban kilomita 520, ingehitaji ubao wa karibu kilomita sita. Hakuna nyumba ya hivyo Manika wala kwingineko. Mchoraji hana budi kuacha mambo mengi na kubakiza yale ambayo pasipo hayo mahali hapatambulikani. Tulibakiza daraja la Lualaba, kituo cha Kolwezi na kituo kimoja kidogo cha kupishania, tulichokipa jina la Mutshatsha. Kasaji na Dilolo, kwa masikitiko, zilianguka.

Upana wa reli nao ni tatizo. Reli za Katanga zina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Kwa kipimo cha 1:87 hiyo ni milimita 12 na kidogo. Lakini reli ya mezani tuliyokuwa nayo ina milimita 16.5, ambazo ndizo sawa na milimita 1,435 za reli kuu za Ulaya. Wapo wapenzi wa reli huko New Zealand, ambako upana halisi ni kama wetu, wanaotumia reli hizohizo za milimita 16.5 lakini wakajenga mabehewa kwa kipimo cha 1:64, na hapo mambo hupatana. Sisi hatukuwa na fedha za kuanza na mabehewa mapya. Tumelikubali kosa hilo, na mzee aliligundua kabla hatujamwambia.

Mipindo haikubali huruma. Mpindo wenye nusu kipenyo cha sentimita 45 huonekana mpana mezani, lakini ukiuzidisha kwa 87 unapata mita 39, mpindo ambao treni ya mizigo ya kweli isingethubutu kuuingia. Ndiyo maana inafaa mipindo iwekwe penye kificho, na mbele ya macho ibaki mistari iliyonyooka. Vivyo hivyo kwa miinuko. Tulitamani njia moja ipite juu ya nyingine. Ili treni ipite chini ya daraja, njia ya juu huhitaji kuinuka kama sentimita 8. Kwa mwinuko wa sentimita 2 katika kila mita, kupanda tu ni mita 4, na kushuka ni mita 4 nyingine. Mzunguko wote wa ubao wetu hauzidi sana mita 6. Tamaa hiyo tuliiacha.

Njia ya kupishania ndiyo iliyoamua urefu wa treni, wala si kinyume chake. Behewa la mita 12 huwa karibu sentimita 14 mezani, na kichwa cha treni kama sentimita 17. Upande mrefu wa ubao, ukishatoa mipindo, hubakiza mita 1.4 hivi, na panda mbili, yaani mahali ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili, hula zaidi ya nusu mita. Hubaki sentimita 80, ambazo hutosha kichwa na mabehewa manne. Treni ikizidi hapo, mkia wake utaziba njia na ile inayokuja itasimama bila msaada. Tenke nayo tuliipa panda moja tu na kipande kifupi kiishiacho ukingoni, kuashiria njia ya Bukama. Kosa la kuepukwa hapo ni kuirudisha njia juu yake yenyewe. Katika reli ya kawaida ya umeme wa volti 12, chuma cha kulia kingekutana na cha kushoto na umeme ungegongana, isipokuwa kipande hicho kitengwe kwa mwanya na kuwekewa swichi yake.

Neno hilo *panda* linahitaji utetezi. Wafanyakazi wa reli wa huku hutumia neno la Kifaransa ambalo maana yake ya asili ni sindano, na anayelitafsiri neno kwa neno atamchekesha fundi. Afrika Mashariki wana *mataruma* kwa vipande vinavyolazwa chini ya chuma, *behewa*, *kiberenge*, na sisi twaweza kuyachukua bila aibu. Lakini kwa mgawanyiko wa njia, *panda* tayari limo katika *njia panda*, na mzee alilielewa bila kufafanuliwa. Twalipendekeza kwa sababu hiyo.

Linalobaki ni fumbo la mzigo. Behewa la mezani halipakiwi wala halipakuliwi. Likitoka mgodini limejaa shaba, litarudi limejaa shaba, na hapo uongo wote huonekana. Dawa yake ni ya zamani na ni nzuri mno. Ukuta mwembamba husimamishwa katikati ya ubao kwa urefu, mgodi wa Kolwezi ukawa mbele na bandari ya Lobito nyuma, zikipeana migongo. Njia mbili hupenya ukuta huo. Katika njia ya kwanza hukaa mabehewa yaliyojaa: huvutwa mgodini, huzunguka hadi bandarini, kisha husukumwa ndani na kutokea tena mgodini yakiwa bado yamejaa. Katika njia ya pili hukaa matupu, yanayosukumwa mgodini na kuvutwa bandarini. Mtazamaji wa upande wa Kolwezi huona daima mzigo ukitoka na utupu ukirudi. Duara letu la kwanza, kwa hiyo, halikuvunjwa. Lilifichwa nyuma ya ukuta.

Mzee alipoitazama kazi ilipokamilika, alikaa kimya muda mrefu, akihesabu mabehewa matupu yakiingia. "Hapo sasa ni Kolwezi," akasema. Kisha akauliza: "Na malori, Mwalimu? Mzigo mwingi siku hizi si unapita barabarani, Kasumbalesa?" Hatukuwa na jibu. Tumeacha sentimita 8 kwenye ukingo wa Tenke kwa ajili ya barabara.