Marekani Kura ni Yako, Lakini Bill Analipa Nani? Hii Ndiyo Sababu Wasee wa Huko Wamechoka

Kama uliangalia Donald Trump akiapishwa Januari 20, 2025, pengine uliona wale walioketi nyuma ya familia yake. Elon Musk alikuwa hapo. Jeff Bezos wa Amazon, Mark Zuckerberg wa Meta na Sundar Pichai wa Google pia walikuwa hapo. Watu ambao Trump alikuwa amewateua kuwa mawaziri walikaa nyuma yao. Soma tena polepole: mawaziri nyuma, wenye chapaa mbele.

Siku hiyo kulikuwa na baridi kali, sherehe ikahamishiwa ndani ya jengo la Bunge na nafasi ikawa finyu. Magavana kadhaa waliochaguliwa na mamilioni ya watu waliwekwa kwa chumba kingine, wakatazama kwa skrini kama wewe na mimi. Amazon na Meta zilikuwa zimechangia mfuko wa sherehe dola milioni 1 kila moja.

Picha hiyo ilichoma wengi. Siku 5 kabla, Joe Biden alikuwa ameaga nchi kwa hotuba akionya kwamba kikundi kidogo cha mabwanyenye kinakaribia kuishika Marekani. Onyo poa, lakini mzee alikuwa ofisini miaka 4. Alikuwa anangoja nini?

Sasa, kabla useme hayo ni mambo ya wazungu, cheza hapa kidogo nikuonyeshe hiyo mashine inavyofanya kazi. Ukishaielewa, utajua kwa nini Mmarekani wa kawaida, awe wa Trump au wa Bernie Sanders, ana hasira ileile.

Hapa kwetu tumezoea ufisadi wa kujificha. Bahasha ya kaki, gunia la noti, mkutano wa usiku hotelini. Kule sehemu kubwa ya mchezo inachezwa mchana, na risiti unapewa. Ni halali kabisa, na hiyo ndiyo inauma.

Iko hivi. Sheria inasema mtu mmoja hawezi kumpa mgombea wa urais au Bunge pesa nyingi moja kwa moja. Msimu wa 2024 kiwango kilikuwa dola 3,300 kwa kila uchaguzi, kama laki 4 na kitu za Kenya. Ukiishia hapo utasema hao jamaa wako sawa. Lakini Januari 21, 2010, Mahakama ya Juu iliamua kesi inayoitwa Citizens United, majaji 5 dhidi ya 4. Walisema kutumia pesa kuongea kuhusu siasa ni sehemu ya uhuru wa kujieleza, na kampuni na vyama vya wafanyakazi navyo vina uhuru huo. Miezi michache baadaye korti nyingine ikajenga juu ya uamuzi huo, na hapo zikazaliwa Super PAC.

Super PAC ni kikundi kinachoruhusiwa kukusanya pesa bila kikomo na kuzitumia kumjenga mgombea au kumharibia jina mpinzani wake. Sharti ni moja: kisipange mikakati na mgombea mwenyewe. Kwa karatasi inakaa safi. Kwa ground, Super PAC nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kufanya kazi na mgombea huyohuyo, na mgombea anaweza kuweka wazi mtandaoni kile angependa kisemwe. Hakuna haja ya kupigiana simu.

Musk peke yake alimwaga zaidi ya dola milioni 250 kwa uchaguzi wa 2024. Hizo ni zaidi ya bilioni 32 za Kenya, kutoka mfuko wa mtu mmoja. Kikundi chake pia kilikuwa kinatoa dola milioni 1 kila siku kwa mpiga kura mmoja aliyetia sahihi ombi lao katika majimbo yenye ushindani mkali. Mwendesha mashtaka wa Philadelphia alienda kortini kutaka hiyo kitu isimamishwe. Jaji akakataa. Sisi tunapewa unga na mia mbili, tunaitwa wajinga. Hao walipewa cheki na korti ikasema endeleeni.

Mfano wa kunitoa macho zaidi ni wa Sherrod Brown. Huyu alikuwa seneta wa Ohio na mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayosimamia mabenki, na alikuwa mkali kwa biashara ya sarafu za kripto. Mwaka 2024 Super PAC inayoitwa Fairshake, iliyojazwa pesa na kampuni za kripto, ilitumia karibu dola milioni 40 kumtoa. Matangazo hayo hayakuongea kuhusu kripto. Yaliongea mambo mengine kabisa, kwa sababu walijua mama wa Ohio hana shughuli na kripto. Brown alianguka. Ukweli usemwe, Ohio imekuwa ikiegemea Republican kwa miaka kadhaa, kwa hivyo si pesa pekee iliyomwangusha. Lakini jiweke kwa viatu vya seneta mwingine aliyekuwa akitazama. Julai 2025 Trump akatia sahihi sheria ya kripto ambayo sekta hiyo ilikuwa ikiitaka, na maseneta kadhaa wa Democrat waliipigia kura ya ndio. Kila mtu ajisomee mwenyewe.

Tuje kwa mshahara, maana hapo ndipo hasira inapikiwa.

Mshahara wa chini wa kitaifa Marekani ni dola 7.25 kwa saa. Umekuwa hapo tangu Julai 2009. Najua unapiga hesabu: karibu bob 940 kwa saa, si hiyo ni pesa? Ni pesa Nairobi. Kule mtu akifanya kazi saa 40 kila wiki mwaka mzima anapata dola 15,080, na hakuna jimbo hata moja ambapo hiyo inalipia keja ya kawaida ya vyumba viwili bila kumla mzimamzima. Weita anayetegemea tipu ana kiwango chake: dola 2.13 kwa saa, hakijaguswa tangu 1991. Kuna mtu alizaliwa mwaka huo, akasoma, akaoa, akapata watoto, na kiwango bado ni kilekile. Majimbo mengi yamejiwekea viwango vya juu zaidi, lakini karibu 20 yameng'ang'ana na hiyo 7.25.

Usidhani ni Republican peke yao. Machi 2021 Democrat walikuwa wameshika Ikulu na mabunge yote mawili. Bernie Sanders akaleta pendekezo la kupandisha mshahara hadi dola 15. Lilianguka kwa kura 58 dhidi ya 42, na maseneta 8 wa upande wake mwenyewe walilikataa. Mmoja wao, Kyrsten Sinema wa Arizona, alipiga kura akielekeza kidole gumba chini mbele ya kamera. Hiyo video ilizunguka intaneti nzima.

Sasa angalia wananchi wenyewe wanataka nini wakiulizwa moja kwa moja. Florida, Novemba 2020: walimpigia Trump, na siku hiyohiyo karibu asilimia 61 wakapitisha mshahara wa dola 15. Missouri, Novemba 2024: Trump alishinda kwa karibu asilimia 58, na karibu asilimia 58 wakapitisha dola 15 pamoja na siku za kuugua zenye malipo. Yaani mtu anayemchagua Trump ndiye huyohuyo anayetaka mfanyakazi alipwe vizuri. Halafu kikatokea nini? Mwaka uliofuata bunge la jimbo la Missouri likafuta zile siku za kuugua, gavana akatia sahihi. Wenye biashara walilalamika, wakasikizwa. Waliopiga kura wakaachwa wakishika ukuta. Ukitaka kuelewa hasira ya Mmarekani kwa hadithi moja tu, chukua hiyo ya Missouri.

Wengi husema hasira hii ilianza 2008, na nadhani wako sahihi. Mabenki yalikuwa yamecheza kamari na mikopo ya nyumba, yakaungua. Serikali ikatenga dola bilioni 700 kuyaokoa. Mamilioni ya familia zilipoteza nyumba zao, hakuna aliyewaokoa kwa kasi hiyo. Kampuni ya bima ya AIG, iliyookolewa kwa pesa za umma, ilitoa bonasi za dola milioni 165 mwaka uliofuata, na wakubwa wa Wall Street hawakuona jela. Kutoka kwa jeraha hilo moja zikatoka mbogi mbili. Upande wa kulia ukaja na Tea Party mwaka 2009, wa kushoto ukalala barabarani New York kwa maandamano ya Occupy Wall Street Septemba 2011. Mmoja alilaumu serikali, mwingine alilaumu mabenki. Wote walikuwa wanaongea kuhusu meza moja ambayo hawakualikwa. Miaka michache baadaye, mbogi ya kwanza ilikuwa kwa Trump na ya pili kwa Sanders.

Na ushuru? Hapo kuna kamchezo ka ajabu. Wewe ukilipwa mshahara, kodi inakatwa kabla hata hujaiona. Bilionea utajiri wake uko kwa hisa, na hisa zikipanda bei hazitozwi kodi mpaka aziuze. Basi haziuzi. Anaenda benki, anakopa akitumia hizo hisa kama dhamana, na mkopo si mapato, kwa hivyo hautozwi. Akifa, warithi wanahesabiwa bei mpya ya siku hiyo, na faida ya miaka yote inapotea machoni pa watoza kodi. Mwaka 2021 waandishi wa ProPublica walipata rekodi za kodi na kuonyesha kwamba Bezos hakulipa hata senti ya kodi ya mapato ya kitaifa mwaka 2007 na 2011, naye Musk mwaka 2018. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ndiyo maana leo asilimia 1 ya juu wameshika karibu asilimia 30 ya utajiri wote, na nusu nzima ya chini ya nchi inagawana asilimia kama 2 na nusu hivi.

Lakini tusidanganyane kwamba pesa inanunua kila kitu. Mwaka 2020 Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni 1 yake mwenyewe kutafuta tiketi ya Democrat. Alishinda kisiwani American Samoa pekee. Aprili 2025 Musk na vikundi vyake walimwaga zaidi ya dola milioni 20 kwa uchaguzi wa jaji mmoja wa Wisconsin, akaenda huko mwenyewe kugawa cheki 2 za dola milioni 1. Mgombea wake akapigwa kwa asilimia 10.

Halafu kuna jirani yetu Zohran Mamdani, mtoto aliyezaliwa Kampala. Bloomberg alichangia zaidi ya dola milioni 8 kumsaidia Andrew Cuomo kwa mchujo wa New York, na bado Mamdani akamshinda Juni 2025, kisha akamrudia Novemba na kuwa meya. Jiji hilo lina mfumo ambapo mkazi akitoa mchango mdogo, serikali ya jiji inaongeza mara 8. Kwa hivyo dola 10 ya mama wa Queens inakuwa 90. Kampeni yake ilikuwa kuhusu rent na bei ya vyakula. Mambo ya keja na dishi, basi.

Ukiuliza hii inakuhusu vipi, rudi kwa Musk. Baada ya kutoa zile milioni 250, alipewa kuongoza kikosi cha kupunguza matumizi ya serikali, bila kupigiwa kura na mtu yeyote. Februari 2025 akaandika kwenye mtandao wake kwamba wikendi hiyo wameitia USAID kwa mashine ya kusaga mbao. Hakuwa anatania. Hapa Kenya wahudumu wa afya waliolipwa na miradi hiyo wakajipata nyumbani, watu wanaotumia ARV wakaanza kuuliza kama dawa itakuwepo mwezi ujao, na Kakuma mgao wa chakula ukapunguzwa. Kufikia Julai 1 shirika lilikuwa limefungwa. Hao wote walioumia hawakuwa na kura Marekani, wala hakuna Super PAC ya watu wa Turkana.

Je, Wamarekani wanaweza kuibadilisha? Kuna njia ya Katiba: theluthi mbili ya kila bunge, kisha majimbo 38 kati ya 50 yakubali. Yaani wanaoombwa kufunga bomba la pesa ni walewale wanaokunywa kutoka kwake. Mara ya mwisho Katiba hiyo kurekebishwa ilikuwa 1992, na marekebisho yenyewe yalihusu mishahara ya wabunge. Yalikuwa yamependekezwa 1789.