Jina la Akaunti Halitoshi Kumtia Mtu Hatiani

Picha ya skrini inapotolewa mahakamani kama kielelezo, wengi huona kesi imekwisha: jina la mshtakiwa lipo, sura yake ipo, na maneno yapo. Lakini picha hiyo huonyesha tu kwamba maneno fulani yalikuwa kwenye ukurasa fulani. Nani aliyaandika ni swali jingine, na mara nyingi ndilo linaloamua kesi ya jinai. Yeyote anaweza kufungua akaunti kwa jina la mwenzake. Nywila huibwa, na simu hupita mikono mingi. Kwa hiyo upande wa mashtaka lazima umuunganishe mshtakiwa na chapisho kwa kitu cha zaidi ya jina na picha.

Suala hili lilijitokeza jimboni Maryland, Marekani, katika kesi ya mauaji iliyomkabili Griffin. Waendesha mashtaka walitoa nakala ya ukurasa wa mtandao wa kijamii wa MySpace wenye vitisho kwa mashahidi, wakidai ni wa mpenzi wa mshtakiwa, kwa kuwa ulikuwa na picha, tarehe ya kuzaliwa na mahali alipoishi. Mwanamke huyo alipanda kizimbani kutoa ushahidi, lakini hawakumuuliza lolote kuhusu ukurasa huo. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya jimbo iliitengua hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya. Ilitaja njia tatu ambazo zingefaa kumthibitisha mwandishi: kumuuliza anayedaiwa kuwa mwandishi, kuchunguza kompyuta yake, au kupata taarifa kutoka kwa wenye mtandao.

Sheria zetu za Afrika Mashariki zinaelekea huko huko. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 hakiruhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini katika kuupima, mahakama hutazama ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na mwandishi alivyotambuliwa. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza jinsi nakala ilivyotolewa. Cheti hicho huthibitisha nakala, hakithibitishi mwandishi.

Wapo watakaosema masharti haya yanawaumiza waliotishiwa, ambao pengine hawana kingine ila ujumbe uliomo kwenye simu zao. Hofu hiyo ina msingi, lakini si lazima mwandishi akiri. Namba iliyosajiliwa kwa jina lake, simu aliyokamatwa nayo ikiwa na akaunti hiyo, au jambo ambalo yeye tu alilijua, vikiungana vinaweza kutosha. Maryland yenyewe ililegeza kipimo mwaka 2015, ikitaka tu ushahidi unaoweza kumridhisha mzee wa baraza mwenye busara kwamba chapisho ni la anayetajwa. Hata hivyo, ushahidi huo lazima uwepo. Anayetishiwa basi asifute ujumbe wala asiitupe simu, na mpelelezi aombe taarifa za akaunti mapema kabla hazijapotea. Bila kazi hiyo, asiye na hatia anaweza kufungwa kwa maneno ya mtu mwingine, na aliyeyaandika akabaki huru kumtisha mwingine.