Je, Wajua? Kamera Iliyorudishwa Pwani

Je, wajua ya kuwa msafara wa wapelelezi Speke na Grant, uliotoka Unguja mwaka 1860 kwenda kutafuta chimbuko la Nile kwa njia ya Usagara, nchi ya milima iliyo juu ya Kilosa, ulichukua kamera? Kazi ya kupiga picha alikabidhiwa Grant. Zama zile ilimlazimu mpiga picha akipake kioo dawa, akichovye katika maji ya fedha, akipige picha kingali kibichi na kukisafisha kabla hakijakauka, na hayo ayatende ndani ya hema dogo lililozibwa isipenye nuru wala, masikini, upepo. Speke, alipoona harara ya hema lile itamwua sahibu yake, aliirudisha kamera pwani, na Grant akashika kalamu na rangi za maji.

Leo mwenye kamera hana haja ya hema lile: Mikumi, hifadhi ya taifa tangu 1964 iliyo karibu na milima hiyo ya Usagara, iliyopewa jina la ile mivumo mirefu yenye shina lililotuna katikati, imekatwa na barabara kuu iendayo Iringa, hata abiria wa basi huuona uwanda wake wa Mkata. Lakini atakaye taswira adhimu na arauke alfajiri, kwani jua likichomoza nyuma ya milima ya Uluguru, nuru ya kwanza huangukia vilele vya milima ya Rubeho upande wa magharibi, navyo huwa rangi ya shaba, ilhali uwandani ukungu ungali umelala juu ya nyasi na nyati waonekana migongo tu.