Rovu na Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

Katika milima ya Ukinga, wilayani Makete, rovu halikuwa jambo la kushangaza hapo zamani. Dakt. Michael Latham alipofanya uchunguzi huko katika miaka ya 1960 aliwakuta zaidi ya nusu ya watu aliowapima wakiwa na uvimbe huo wa shingo. Makete ilikuwa sehemu ya Iringa mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Lakini rovu halikujua mipaka, nalo lilienea hata katika nyanda za Mbeya.

Chanzo chake kimo ardhini. Kwa maelfu ya miaka mvua za milimani zimeosha udongo na kuchukua iodini, ambayo wengi huiita madini joto, hadi mitoni na baharini. Mahindi, viazi na mboga za udongo huo huwa na iodini haba. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Hata hivyo tezi ya shingo ikizikosa, hujitanua ili inase hata kile kidogo kilichomo katika damu.

Huo ni uvimbe unaoonekana. Madhara yasiyoonekana ndiyo mazito zaidi. Thairoksini, homoni ya tezi hiyo, ina atomu nne za iodini katika kila molekuli, nayo ndiyo inayoziongoza seli za ubongo wa mtoto aliye tumboni zifike mahali pake na kuungana. Hadi karibu nusu ya mimba, mtoto hutegemea homoni ya mama. Upungufu mkubwa wakati huo huzaa ukretini: kimo kifupi, pengine uziwi na ububu, miguu iliyokakamaa na akili iliyodumaa. Dawa itolewayo baadaye hairudishi kilichopotea.

Mbali na huyo yuko mtoto ambaye tezi yake mwenyewe ina kasoro tangu kuzaliwa, ingawa mama hana upungufu. Huyu ni takriban mmoja kati ya watoto 2,000 hadi 4,000. Akigunduliwa kwa tone la damu ya kisigino, na kuanza kupewa thairoksini katika majuma mawili ya kwanza, kwa kawaida hukua na kusoma kama wenzake.

Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika, zikiwemo za Mbeya na Iringa. Mwaka 2009 Erica Field na wenzake walitangaza kwamba watoto waliokingwa wakiwa tumboni walisoma zaidi kwa theluthi hadi nusu ya mwaka, hasa wasichana. Baadaye Stefan Peterson na wenzake walirudia hesabu kwa takwimu nyingi zaidi, wala hawakuiona faida hiyo. Ubishi huu ni wa haki: ugawaji wa vidonge ulichelewa mara kwa mara, na miaka ya shule hupima pia umbali, karo na nia ya wazazi, siyo ubongo peke yake.

Tangu miaka ya 1990 tegemeo limekuwa chumvi iliyotiwa iodeti ya potasiamu. Mwalimu aweza kuipima maabara: chumvi, uji mwepesi wa wanga, iodidi ya potasiamu kidogo na matone ya siki. Rangi ya samawati iliyoiva ikitokea, iodini imo. Ndimu isitumike badala ya siki, kwa kuwa vitamini C yake huifuta rangi hiyo.